Somo la Kwanza, Malaba

Siku ya tatu, foleni haijasogea.
Lori letu la chumvi limelala nyuma ya lori la saruji,
na chini ya turubai Nyaketcho, wakala wa forodha,
anachanganya karata kwa vidole vyenye wino wa mihuri.

"Mbili mkononi, hizo siri yako.
Tano mezani, hizo za kijiji kizima.
Kati ya saba, chagua tano bora. Umeelewa?"
Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeelewa.

Dau letu ni vizibo vya soda.
Cha chungwa ni sawa na viwili vyeusi:
sheria ya Emojong, dereva wangu,
ambaye ana vya chungwa vingi.

Jozi, jozi mbili, tatu za namba moja,
mfuatano, kisha tano za ua moja.
Nakariri kama mtoto wa chekechea,
na nikishika ree mbili nyusi zinapanda
hadi mama wa chapati ng'ambo ya barabara anajua.
Wote wanatupa. Navuna vizibo viwili.
"Uso wako ni redio," asema Nyaketcho. "Uzime."

Mara nina saba ya pau na mbili ya uru,
karata zisizosalimiana.
Nazing'ang'ania, nalipa, nalipa tena,
maana kutupa naona haya.
Emojong ananinyoa bila maji.
"Kutupa nako ni kucheza, kijana.
Gari haionei breki aibu."

Jua linahama. Nazima redio.
Natupa. Natupa. Nakunywa chai. Natupa.
Naanza kuona: Emojong akidanganya
hukuna shingo. Nyaketcho akidanganya
hafanyi chochote, na hilo ndilo la kuogopa.

Halafu kopa.
Mbili mkononi, mbili mezani,
na ya tano inafunuka nyekundu kama taa ya nyuma.
Moyo unapiga honi. Uso, kimya.
Nasukuma vizibo vyote, hata kile cha chungwa.

Ndipo tarishi wa ofisi anakuja mbio:
karatasi zimegongwa muhuri, songeni, songeni!
Emojong ameshashika usukani,
karata zimerudi kwenye pakiti,
vizibo vimebaki mchangani, havina mwenyewe.

Nyaketcho anatembea kando ya dirisha langu.
"Ulikuwa na nini?"
"Sikuwa na kitu."
Ananitazama mpaka tunafika kwenye kizuizi,
kisha anarudi, anainama,
anaanza kuviokota.