Maneno Mia Tatu

Waliingia saa mbili usiku, mama mbele, binti nyuma,
bahasha ya kaki imeviringwa kwenye kanga isilowe.
Mwisho wa kutuma maombi, saa sita.
Mwisho wa Luku yangu, uniti tatu.
Steshenari yangu hapa Tandika ina kiti kimoja cha mteja.
Mama akakaa. Tabia akasimama nyuma ya bega langu
akivichunga vidole vyangu.

Fomu za ufadhili nazijua kama kona za chumba changu gizani.
Jina la kwanza. Jina la kati. Shule, mwaka, daraja:
la kwanza, pointi nne. Niligeuka kumtazama.
Akajifanya anasoma bei ya laminesheni ukutani.

Kisha baba.
Cheti cha kuzaliwa cha binti kinamwita Kibwana,
cheti cha kifo kinamwita Kibuana,
na fomu haipokei baba wawili.
Juzi walikwenda kwa wakili, Temeke Mwisho,
wakaapa kwa elfu kumi na muhuri mwekundu
kwamba marehemu alikuwa mmoja.
“Sisi tulishamzika,” mama alisema.
“Herufi ndiyo iliyomfufua.”

Ukurasa wa tano: Eleza hali ya uchumi ya familia yako.
Maneno yasizidi mia tatu.

Hapo ndipo penye riziki yangu.
Maelezo ninayo tayari, nabadilisha jina tu:
Mimi ni yatima kutoka familia duni isiyojiweza.
Kumi na saba wamepita nayo mwaka huu,
yatima wangu wote, duni wangu wote.
Waliojibiwa, wawili.

Nilisoma kwa sauti. Bi Sikujua akainua kiganja.
“Isiyojiweza nani?”
Feni ikazunguka.
“Mimi naamka saa tisa.
Nakaanga vitumbua mia mbili, na mia mbili vinaisha.
Kodi nalipa. Sina deni dukani kwa mtu.
Andika hivyo.”

Nikamwambia, mama, wakijua unajiweza hawatoi.
Akanitazama kama niliyempimia mchele wenye mawe.
“Kwani ada ya chuo inatoka kwenye kitumbua?
Andika kitumbua kinauzwaje. Andika na ada yao.
Watoe wenyewe.”

Akampisha binti kiti, na mimi nikapisha kibodi.
Tabia alifuta yangu yote,
akaandika kwa vidole viwili
huku uniti zikishuka.
Aliandika mchele, nazi, mkaa,
mafuta yalivyopanda Machi,
siku za mvua ambazo unga ulichachuka
wakala wenyewe, wakagawia jirani.
Yatima hakuliandika.
Maneno mia na arobaini na moja.
“Yamebaki mengi,” nikasema.
“Yaacheni,” mama akajibu. “Kuna watakaoyahitaji.”

Yakaenda saa tano na dakika hamsini na mbili.
Nilidai elfu tatu, nikapokea elfu mbili na ahadi.
Kopi zilizoharibika alizikusanya zote
kutoka kwenye ndoo yangu ya taka, akazinyoosha kwa goti:
“Za kufungia.”

Majibu bado. Wanasema Oktoba, mara Novemba.

Leo asubuhi nilinunua viwili vya moto,
nikala nimesimama.
Kwenye karatasi mafuta yalikuwa yamepita katikati ya swali,
hali ya uchumi ya fami,
na pale chini, kwenye kisanduku cha jibu,
palikuwa peupe, pamelainika,
nikiona vidole vyangu upande wa pili.