Maji Gani

Lilikuja likivutwa kwa kamba ya katani,
Haisi kongwe, ubavuni imeandikwa
MIKATE YA BI MIZE, WETE,
E ya mwisho imeliwa na kutu.
Subeti kakalia usukani kama mfiwa.
"Mvua, fundi," akasema kabla sijauliza.
"Mvua ya juzi, pale Kinyasini. Maji yalijaa, likazima."

Lilipozima, ulipiga stata?
"Mara moja."
Mara moja ya kijana ni mara ngapi?
Akatazama viatu vyake.

Basi sikugusa ufunguo.
Gari lililokunywa maji haliamshwi kwa kofi.
Nikang'oa plagi nne, nikazipanga juu ya gazeti
kama meno ya mtoto,
ndipo nikamwambia: haya, zungusha.
Ya kwanza ikapumua kavu. Ya pili kavu.
Ya tatu ikatema, pwa,
kiasi cha kijiko cha chai, ukutani kwangu.

Nikavuta kijiti cha oili huku naomba
kisije na rangi ya chai ya maziwa.
Kikaja cheusi. Alhamdulillahi.
Mkono wa pistoni haukupinda.
Filta ya hewa imevimba
kama boflo lililotupiwa kuku.

Kisha kepu ya distributa.
Ndani, jasho. Na pembeni ya jasho,
kwenye vijino vya shaba, unga mweupe.
Nikasema moyoni, ni gari la mikate, si ajabu.
Nikaugusa kwa ncha ya ulimi.

Mvua haina ladha ile.
Mvua ikikauka huondoka na vyake vyote.

Nikalala chini ya gari.
Jani la mkandaa limebanwa kwenye springi.
Kinyasini, barabarani, mkandaa umeota lini?
Nikapanda nyuma, nikainua trei moja:
kwenye ufa wa ubao, karafuu tatu,
kavu, vichwa vyake vizima,
daraja la kwanza kabisa.

Nikairudisha trei.
Mimi naviuliza vyuma, kwa kuwa vyuma haviapi.
Watu nawaachia wenyewe.

Bi Mize akaja baada ya alasiri, ngano viwikoni.
"Lina nini, Asaa?"
Limeingia maji.
"Maji gani?"

Mtu aliyetia chumvi kwenye unga miaka thelathini
kwa vidole vitatu, bila mizani,
utamwambia nini?
Nikampa kepu.
Akaitazama, akaigusa, akapeleka kidole mdomoni.
Subeti akawa anaifuta spana iliyokwisha kufutwa.

"Lioshe kwa maji matamu," akasema.
"Lote. Na nyuma pia. Yeye ndiye atayachota."

Ndoo kumi na nane, toka kisimani hadi gereji.
Nikakausha kwa kompresa, nikarudisha plagi, nikawasha.
Likawaka, lakini likitetema, likikosa pigo moja kwa manne,
kama mtu anayesoma huku anaruka mstari.

Ufa wa kepu mchana hauonekani.
Tukangoja isha ipite.
Nikazima taa ya gereji, nikaacha boneti wazi,
injini inanguruma gizani,
nikapuliza ukungu wa maji kwa chupa ya kupigia pasi.

Ukatoka mdudu wa samawati,
mwembamba, akatambaa juu ya kepu,
akarudi, akatambaa tena njia ile ile.

"Pale," akasema Subeti. Sauti haikuwa yake.
"Pale, shangazi."

Bi Mize alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, gizani.
"Nimepaona," akasema, "tangu alasiri."

Kepu niliipata Chake, kwenye gari lililokufa.
Asubuhi mikate ilitoka, imechelewa saa nzima.
Aliyeendesha ni yeye mwenyewe,
kijana kakaa kushoto, trei mapajani.
Silinda ya tatu bado inakohoa wakipanda kilima.
Nimewaambia walirudishe Jumatatu.
Chumvi haiagi siku moja.