Pana Mtu

Treni ya Mombo ina kichwa kimoja,
nacho tumekiazima kwenye mabehewa ya saruji,
kina vumbi jeupe puani kama mtoto aliyedokoa unga.
Mabehewa manne. La tatu lilikuwa la posta;
mafundi wa karakana ya Tanga wakalitoboa madirisha,
hayalingani,
abiria mfupi huona mkonge, mrefu huona mbingu tu,
na hakuna aliyewahi kudai nauli yake.

Nauli ya Muheza ni elfu moja mia tano.
Kumfikisha mtu Muheza ni elfu nne na ushei.
Tofauti hulipa serikali,
na serikali, kama shemeji anayekulipia ada,
hulipa, kisha hutuma mtu aje kukagua madaftari.

Safari hii alikuja Bwana Chidosa, kutoka Dodoma.
Alipanda Tanga saa kumi na mbili na robo asubuhi,
kalamu mbili mfukoni, moja nyekundu,
akaanza kuhesabu viti vitupu.
Mimi mkagua tiketi nikamfuata nyuma.

Kiti cha kwanza kina kandambili, ya kushoto, peke yake.
"Hiki?"
"Pana mtu," akasema binti wa sare ya uuguzi.
"Yuko wapi?"
"Pongwe. Saa hizi anapiga pasi."
Cha pili, fungu la mchicha: pana mtu.
Cha tatu, daftari la hesabu, Darasa la Sita: pana mtu, Ngomeni.
Cha nne, jembe lisilo mpini, limefungwa gazetini.
Behewa zima limejaa watu ambao hawajapanda.

Akaandika: vitupu, arobaini na moja.

Pongwe alifuta sita. Ngomeni, kumi na moja.
Muheza machungwa yalipita dirishani kabla ya wenyewe,
gunia likamkalia miguuni,
na karatasi ikachanika pale alipofuta mara ya nne.

Sisemi treni hii ni nzuri.
Choo cha behewa la pili kina kufuli, na ufunguo hatuujui.
Mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani,
ya hapahapa, angalau.
Mwezi uliopita tulilala Mnyuzi
tukingoja bomba la breki lije kwa pikipiki.
Walinitukana kwa Kibondei, wakanitukana kwa Kizigua,
nikaitikia kwa zote mbili.
Wiki iliyofuata walipanda walewale.

Hapo Mnyuzi kilibaki kiti kimoja.
Mama Semkiwa alikuwa amekitandikia kanga tangu Tanga,
maandishi yameangalia chini, sikuyasoma.
Dakika mbili. Hakupanda mtu.
Nikamwonyesha gadi kidole: moja tu, niongezee moja.
Hakupanda mtu.

Bwana Chidosa akanyanyua kalamu nyekundu.
"Mama, hiki sasa ni kitupu."
Hakumjibu. Alinyoosha pindo la kanga
lililokunjwa na upepo,
akarudi kutazama nje.
Kalamu ilikaa hewani
hadi tulipoanza kuona mabati ya Korogwe.
Sijui aliandika nini.

Korogwe alishuka kunywa chai.
Aliporudi, kijana mwenye jogoo amekaa mahali pake.
"Hapo pana mtu," akasema Bwana Chidosa,
na nadhani alijisikia mwenyewe.
"Nani? Mbona hakukuwa na kitu?"
Kweli. Makabrasha yote alishuka nayo kwapani,
asije akaibiwa hesabu.

Akasimama hadi Mombo,
bega kwenye mlango wa kamba,
akiandika juu ya kiganja, mistari ikipanda na kushuka
kwa kila kiungio cha reli.
Kile kiti cha kanga kilikuwa hatua tatu kutoka kwake.
Hakukiomba.