Kiti cha Kushoto

Ramani imelala mezani tangu Jumapili,
pembe zake zimebanwa kwa chupa ya siki, bakuli la sukari,
kopo la mbegu za njegere, na kiwiko cha Barrie.
Ufaransa nzima inanuka mkate wa kuchoma.
Nje, Todmorden inanyeshewa kama kawaida yake,
mvua isiyo na hasira wala mwisho.

Tutavuka Dover kwa feri ya saa mbili asubuhi.
Hilo tumekubaliana.
Mengine yote yameandikwa kwa penseli.

Nimenunua vibandiko vya taa za mbele,
mwanga wetu usiwachome macho wenyeji;
fulana mbili za njano, pembetatu nyekundu,
na herufi za nchi yetu za kubandika nyuma,
kana kwamba usukani uliokaa upande usio wao
hautatutangaza mapema.

Barrie aliendesha basi miaka thelathini na mmoja,
Halifax hadi Burnley, theluji au jua,
akizijua kona kama ulimi unavyoyajua meno.
Kisha katikati ya kila kitu pakaingia doa.
Anaona sikio langu, haoni uso.
Anaona fremu, haoni picha.
Leseni aliirudisha mwenyewe kwa posta:
akalamba bahasha, akaomba chai.

Basi nitaendesha mimi,
mimi ambaye hadi leo sijavuka Leeds peke yangu.
Kule wanashika kulia.
Kipilefti chao unakizunguka kwa kulia,
jina lenyewe limegeuzwa ndani nje kama soksi.
Ananifundisha hapa hapa jikoni,
tunaizunguka meza, nimeshika sinia badala ya usukani.
“Kulia, Doreen. Kulia.”
Nimeshalia, namwambia. Sasa naendesha.
Anacheka mpaka miwani inamdondoka.

Lakini lipo jambo kijitabu hakikulitaja.
Ukikaa kulia katika nchi inayoshika kulia,
na lori la maziwa limekuziba mbele,
huoni kinachokuja.
Anayeona ni wa kiti cha kushoto.
Yeye ndiye achunguliaye, ndiye asemaye: nenda.

Usiku wa Jumanne niliamka nalo.
Nikalihesabu kama pesa pungufu:
mara ya tatu, bado zinapungua.

Asubuhi nikamwambia, nikipaka siagi, nisimtazame.
Alinyamaza muda wa chai kupoa.
“Hatutampita mtu,” akasema.
Hata trekta?
“Hata trekta.”
Hata baiskeli?
“Baiskeli tutaifuata mpaka ifike kwao, tuombe maji.”

Nikachukua kifutio.
Siku tisa zikawa kumi na saba.
Tukaongeza usiku Abbeville, usiku Bourges,
usiku mahali ambapo jina lake
mimi nalitamka vingine na yeye vingine,
na hakuna wa kutuamua.
Bibi Ackroyd wa jirani, atakayemwagilia nyanya,
anauliza tutarudi lini. Nimemwambia nyanya zikiiva
azile.

Ushuru wa barabara, tukikutana nao, atalipa Barrie.
Kibanda kitakuwa upande wake.
Amezimwaga sarafu za kigeni juu ya ramani
anazisoma kwa vidole, midomo ikicheza:
hii ina mikwaruzo, hii ukingo wake mtupu,
ya senti ishirini ina mapengo saba.
Anakosea. Anaanza upya. Simsaidii.

“Barabara hii ina rangi gani?”
Njano.
“Vizuri. Malori yanapenda nyekundu.”

Kidole chake kinashuka polepole kuelekea kusini,
kinapita vijiji bila kuvigonga,
kinapita milima, kinapita Collioure
tulikopanga kukomea,
kinaingia baharini.

Sijamwambia.