Mpini wa Tano

Mpini wa kwanza ulipendeza mezani.
Lali Famau akaushika, akachonga nusu ya ua,
akauweka chini, akakunja na kukunjua vidole
kama mtu anayehesabu deni.
"Mashine yako inaimba," akasema, "ila inauimbia mfupa."

Wa pili niliupunguza uzito. Ukamponyoka.
Wa tatu nikauvika mpira; kwa jasho
na vumbi la mbambakofi ukateleza kama bamia.
Wa nne sitaki kuuzungumzia.

Nilikuwa nimepima mikono mia kwa rula,
nikapata mkono wa wastani,
na Langoni nzima hakuna aliyezaliwa nao.
Lali ana gumba fupi, msumeno ulikula ncha yake
mwaka alioposa.
Binti yake Mwanajabu huchonga kwa mkono wa kushoto,
na swichi yangu ilikuwa kulia.
Hakulalamika. Aliibonyeza kwa kidevu.
Kwa kidevu! Usiku ule sikulala.

Asubuhi nikanunua udongo kwa mfinyanzi,
nikawaambia: shikeni kama mnavyoshika patasi
mnapofika kwenye pembe, pale pasipotaka haraka.
Wakashika. Nikaondoka na ngumi sita za udongo
ndani ya kapu, juu ya punda wa watu,
nikimwomba asikimbie.

Wa tano una tumbo mahali pa kiganja,
shingo kidogo, swichi chini, katikati.
Mwanajabu amechonga fremu nzima kabla ya adhuhuri.
Juu ya mpini hakusema kitu.
Aliuliza tu kama waya unaweza kurefushwa
ufike dakani, kwenye upepo.