Gurudumu la Nyuma

Kalenda ya duka la nyama la Haji Mugoya
imejaa wino mwekundu hadi Agosti.
Machi Masaka, Aprili Jinja,
Mei kila Jumamosi na nusu ya Jumapili.
Harusi ya binamu yangu Nabirye tuliiandika pembeni,
kwa penseli,
na penseli imefutika.

Tuna baiskeli mbili, mimi na Isabirye,
na gurudumu moja tu la nyuma
linalostahili kuitwa gurudumu.
Tulilinunua kwa pesa ya bati la jikoni.
Mvua ikinyesha tunasogeza sufuria,
tunasikiliza matone, mmoja anasema:
kasi yetu hiyo, inavuja.

Saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Kakira.
Malori ya miwa yanadondosha vipande,
watoto wanakimbilia vipande,
sisi tunakwepa watoto.
Wa bodaboda huniuliza kila siku:
"Mama, nani anakufukuza?"
Jumatatu nilimjibu.
Alhamisi sikuwa na pumzi ya kujibia.

Mama mkwe aliuliza mara moja tu:
"Anayefika wa kwanza, anapewa shamba?"
Nikasema, anapewa medali, na kreti ya soda.
Akanyamaza.
Akaniongezea viazi.

Jumamosi, Entebbe.
Nimemeza ziwa hili miaka minne
kiasi cha kulidai kodi ya pango.
Dawa ya kichocho iko kabatini,
inangoja msimu uishe
kwa subira ya mkopeshaji.
Nikatoka majini, tope hadi magotini,
nikalivaa tandiko nikiwa bado natapika maji,
na kilomita ya ishirini na saba nikasikia:
ti.
Ti. Ti.
Spoku moja.

Mbele yangu Kyomugisha,
karibu hivi kwamba niliuona uzi
uliochomoka kwenye mshono wa jezi yake.
Miguu ilisema twende.
Miguu haijui ratiba ya mabasi.
Saa mbili usiku gurudumu lilikuwa na safari,
kwenda Mbarara, kwake, kwa mbio za Jumapili,
limefungwa shuka la maua kama mtoto mgonjwa.
Nikapunguza.
Nikauona ule uzi ukiwa mdogo, ukiwa hakuna.
Nikawa wa nne.
Wa nne hapewi hata chupa tupu.

Jumapili, saa nne na robo, simu.
"Msumari," akasema. "Kilomita ya sita."
"Mbele?"
"Nyuma."
"Gurudumu?"
"Gurudumu zima. Tairi ndiyo marehemu."
Alikuwa amesimama mbele ya duka la maziwa,
mwenye duka amempa kikombe
bila kumuuliza jina wala nafasi.

Ndipo nikamwambia habari ya spoku,
na jinsi nilivyolibeba lile gurudumu
kilomita kumi na tatu
kama mtu abebaye mayai ya jirani.
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Nangobi," akasema,
"siku nyingine livunje."

Leo Jumatatu. Umeme umekatika.
Kaptura mbili zinachuruzika kwenye kamba,
moja na chumvi ya Entebbe, moja na vumbi la Ankole.
Amepindua baiskeli sebuleni, miguu juu,
anakaza spoku nusu mzunguko, anaachia, anazungusha.
Mimi nimeshika tochi.
Ti. Kidogo kushoto.
Ti. Umepitiliza, rudisha.
Mwanga ukiyumba unaangukia ukutani,
kwenye kalenda ya Haji,
Jumamosi ijayo, Fort Portal:
wanawake na wanaume,
saa moja asubuhi,
mstari mmoja.

Hilo bado hatujaliongea.
"Shika tochi vizuri," ananiambia.
Naishika vizuri.