Kutikisa Kikombe

Ibra, Ijumaa, watu wametoka msikitini.
Nabhan amesimama katikati ya zulia,
mdila mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia,
kama alivyofundishwa: usimpite mtu, usimwulize,
mjazie tena, na tena,
mpaka mwenyewe atikise kikombe.
Mara mbili, tatu, kwa kifundo cha mkono.
Maana yake: yatosha, Mungu akuzidishie.
Asiyejua kutikisa
atakunywa kahawa mpaka alfajiri.

Leo nimehesabu. Watu kumi na mmoja, simu kumi na nne.
Kahawa inapoa, vidole gumba vinapanda na kushuka,
na Nabhan naye, miaka kumi na minne,
kanzu yake inatetemeka mfukoni.

Mama alikuwa na redio-kaseti nyekundu
aliyoikopa Matrah na kuilipa miezi saba.
Usiku, tukishalala, alimrekodia dada yake Wete.
"Shinuna, hujambo?"
Kisha hunyamaza.
Kanda inazunguka. Feni inasikika,
mbuzi wa jirani anasikika.
"Na mguu, umepoa?"
Kimya.
"Alhamdulillahi," anasema mama,
kana kwamba amejibiwa.

Kanda ilisubiri msafiri, msafiri alisubiri tikiti.
Jibu liliporudi, mwezi wa tatu au wa nne,
Mama Mkubwa Shinuna naye alikuwa ameacha mapengo yake,
na mama aliyajibu yote, moja moja, kwa sauti,
jikoni, vitunguu mkononi.

Sasa juu ya kilima pana minara miwili.
Wa udongo ulijengwa kumwangalia ajaye.
Wa chuma, wa juzi tu, una taa nyekundu
na unajua kila mtu yuko wapi na amekula nini.
Ukoo mzima umo kiganjani, mia na arubaini na watatu,
Sib, Dubai, Wete, Bujumbura:
waridi la "Ijumaa njema",
mdalasini unaoponya sukari,
harusi, maiti, harusi,
binamu nisiyemjua akijaribu viatu.
Pole zinafika kabla maiti hajaoshwa.
Mimi mwenyewe nimewahi kutuma moyo mwekundu
penye tanzia, kidole kiliteleza,
na hakuna aliyegundua.

Mama amejifunza kubonyeza na kushikilia.
Kidole cha hina, macho kwenye dari:
"Shinuna, hujambo?"
na hunyamaza, vilevile.
Wajukuu humsikiliza kwa kasi mara mbili.
Bibi wa dakika nne anakuwa chiriku wa dakika mbili;
baina ya hujambo na mguu
haipenyi hata punje ya mchele.

Basi leo, jibu la Wete likaingia.
Nabhan, mdila bado mkononi, akaligusa kwa kidole cha mwisho
na hakuwahi kuliongeza kasi.
"Zamzam, hujambo?"

Kisha kimya.

Kimya kile kilikaa sebuleni kama mgeni mzito.
Mtu mmoja akainua uso, halafu wa pili.
Tukasikia kiyoyozi. Tukasikia, mbali,
kuku wa Wete.
Na mama, kutoka pembeni, bila kugeuka:
"Sijambo, dada. Labda wewe."
"Na macho, yanaona?"
"Yanaona. Yanaona watoto wameinama."
"Alhamdulillahi," ikasema simu.

Hakuna aliyecheka. Mjomba Humeid akashusha yake kwenye zulia,
uso chini, kama mtu aliyeweka silaha.

Nabhan akarudi kumimina.
Alipofika kwangu, mfuko wake ukaanza tena,
trr, trr, trr.
Akaitoa, akaitazama,
na mbele yangu, bila mzaha,
akaitikisa kwa kifundo cha mkono,
mara mbili, tatu.

Simu haikuelewa.
Iliendelea kumimina.